Nitajifunzaje kuandika wasifu wa marehemu usiofanana na wa wiki jana?

KaraniWaAmalemba (Kakamega), Alhamisi saa 4:20 usiku

Hamjambo nyote. Swali langu ni refu kidogo, mnivumilie.

Nina saiba ndogo hapa Amalemba. Mchana ni fomu za ushuru za KRA, barua za kuomba kazi na fotokopi za vitambulisho, lakini riziki yenyewe inatoka kwenye matanga. Huku kwetu mazishi mengi huwa Ijumaa na Jumamosi, kwa hivyo Jumatano na Alhamisi jioni ndipo familia huingia na karatasi iliyokunjwa mara nne, imeandikwa na watu wawili wasioelewana, pamoja na picha ya marehemu iliyo kwenye simu iliyoisha chaji. Wanataka programu ya mazishi: picha mbele, ratiba ya ibada, nyimbo, kisha wasifu. Kupanga picha na nyimbo sina shida. Wasifu ndio unaninyima usingizi.

Unafanana, jamani. Ningebadilisha jina na mwaka wa kuzaliwa tu, hakuna ambaye angegundua, na nina hakika kuna saiba zinazofanya hivyo. "Marehemu alikuwa mtoto wa nne wa mzee fulani. Alisoma shule ya msingi fulani. Alifunga ndoa na wakajaliwa watoto sita. Alikuwa mcha Mungu, mchapakazi, mcheshi na mpenda watu. Aliugua kwa muda mfupi. Bwana alitoa na Bwana ametwaa." Mtu ameishi miaka 80, nami namkamilisha kwa aya tatu, na katika hizo tatu hamna hata mstari mmoja ambao jirani yake angeusikia akasema, eeh, huyo ndiye.

Sasa sikieni la jana. Imekuja familia ya mzee mmoja wa upande wa Matungu aliyekuwa akisafirisha miwa kwa trekta. Karatasi yao inasema "alifanya kazi kwa bidii katika sekta ya miwa". Stima ikapotea kabla sijafika hapo. Tukakaa gizani tukisubiri, na bintiye akaanza kuongea tu, si kwa ajili ya wasifu. Akasema babake alikuwa na mkebe wa biskuti chini ya kitanda, umejaa risiti za mzani za kiwanda cha Mumias. Kwamba hata baada ya kiwanda kuwekwa chini ya mrasimu, yule msimamizi wa kampuni iliyolemewa na madeni, mwaka wa 2019, mzee alikuwa akizitoa jioni, anazipanga upya kwa tarehe, anazirudisha. Na kwamba akisikia trekta barabarani alikuwa akitaja imebeba tani ngapi kabla haijatokea kwenye kona.

Stima iliporudi nikataka kuyaingiza hayo. Nikaandika: "Marehemu alikuwa na mazoea ya kuhifadhi vyema kumbukumbu za kazi yake." Nikaitazama. Mkebe haupo. Mzee hayupo. Yupo afisa fulani wa masjala. Binti naye aliisoma akasema ni sawa, madam, chapa tu, tumechelewa.

Hapo ndipo penye swali langu. Mambo ninayo, yananijia yenyewe dukani, lakini yakifika kwenye kibodi yanakufa. Na si kwamba sijasoma. Kidato cha nne Kiswahili nilipata B, na insha zangu zilikuwa zikisomwa mbele ya darasa. Mtu mmoja ananiambia nilipie kozi ya uandishi mtandaoni. Mwingine ananiambia nisome riwaya. Mwingine anasema uandishi ni kipaji, huna basi huna.

Sitaki kutunga vitabu. Ninachotaka ni kwamba Jumamosi mchungaji akisoma pale, yule mtu wa nyuma kabisa anayezungumza na mwenzake habari za bei ya mbolea anyamaze asikilize. Ninyi mnaoandika vizuri, mlifikaje huko? Nataka mlichofanya kwa mkono, si "soma sana na uandike sana". Hilo nimelisikia.

---

MwalimuMstaafu (Webuye), Ijumaa saa 12:05 asubuhi

Mulembe, mwanangu. Nimefundisha Kiswahili katika shule za upili huku Bungoma mpaka nikastaafu, na mazoezi ya insha niliyosahihisha yangejaza hiyo saiba yako.

Unashangaa kwamba darasani ulikuwa hodari. Mimi sishangai. Karatasi ya insha ya KCSE, mtihani wa kumaliza kidato cha nne, ile 102/1, ina maswali manne. La kwanza ni la lazima, jingine unachagua, kila moja alama 20, maneno kama 400. Mtahiniwa ana saa moja na dakika 45, msahihishaji ana rundo mbele yake. Mwanafunzi mwerevu anang'amua mapema kwamba lazima aonekane haraka, basi anakusanya mapambo: methali ya kufungulia, jua linachomoza kwa madaha, nilipigwa na butwaa, nilitimua mbio kama swara. Mapambo hayo yanakaa popote. Yatoe kwenye insha ya moto bwenini uyatie kwenye insha ya harusi, hayatalalamika. "Mcha Mungu, mchapakazi, mcheshi" ni wa ukoo huohuo. Hujapoteza kitu tangu shuleni, mwanangu. Ni kwamba mtihani ulikuwa ukipima jambo moja, na waombolezaji wanataka jingine.

Umeomba kitu cha kufanya kwa mkono. Kuna mtu wa kazi yako aliyefanya zoezi ambalo sijaona bora kuliko hilo. Benjamin Franklin, kabla ya kuwa mkubwa kule Marekani, alikuwa mwanagenzi katika matbaa ya kakake mjini Boston. Alipata juzuu moja la gazeti la London lililoitwa Spectator, akapenda jinsi lilivyoandikwa. Akawa anachukua makala, anaandika kidokezo kifupi cha kila sentensi, anaviweka vidokezo kando siku kadhaa, kisha anajaribu kuijenga makala upya kwa maneno yake bila kuitazama. Akimaliza analinganisha na ile ya awali, anaona wapi amepwaya. Wakati mwingine alivivuruga vidokezo makusudi ili ajifunze kupanga hoja. Wakati mwingine aliigeuza makala kuwa shairi, akasubiri aisahau, halafu akairudisha kuwa nathari, kwa sababu shairi lilimlazimisha kutafuta maneno ambayo asingeyagusa.

Hilo unaliweza dukani Jumatatu, siku ambayo hakuna matanga. Ila usichukue tanzia ya gazeti, zitakurudisha kulekule. Chukua ripoti ya mpira kwenye Taifa Leo, ya timu za Ingwe (AFC Leopards) na Gor Mahia kwa mfano. Mwandishi wa mpira hana nafasi ya kusema mchezaji alikuwa "mchapakazi". Ni lazima aseme nani alimpa nani, kutoka upande gani, kipa alikuwa amesimama wapi. Jenga ripoti hiyo upya kutoka kwa vidokezo vyako mara kadhaa, utaona vitenzi vinarudi mkononi.

Na ukipata nafasi, njoo huku usikilize khuswala kumuse, hotuba ya matanga ya Wabukusu. Akifariki mzee wa Kibukusu mwenye heshima zake, baada ya mazishi huitwa msemaji, naye hutoka katika koo chache zenye kazi hiyo. Anatembea kwenda na kurudi katikati ya watu, anasema kwa saa nyingi, karatasi hana. Anataja koo na njia walizopita mababu, anawaliwaza wafiwa, anakemea hadharani mambo ambayo kila mtu anayajua na hakuna anayeyasema. Hutasikia "mpenda watu" hata mara moja. Mtu hawi msemaji wa kumuse kwa kukaririshwa. Amekua akiwasikiliza waliomtangulia, tena kwa miaka.

Kozi acha kwanza. Pesa hiyo nunua wino wa printa.

---

StejiYaNjoro (Nakuru), Ijumaa saa 1:40 asubuhi

Huku kwetu babu mmoja aliandikiwa "alikuwa mpenda majirani wote". Yule babu alikuwa amewashtaki majirani wote kwa chifu kwa ajili ya mpaka, wengine mara mbili. Watu walicheka chini ya hema mpaka mchungaji akaomba tuimbe kwanza. Endelea kuuliza, madam, hili jambo ni zito kuliko linavyoonekana.

---

SautiYaZiwani (Kisumu), Ijumaa saa 7:15 mchana

Dadangu Karani, nimesoma ya mwalimu mara mbili na nitaliiba lile zoezi. Lakini Franklin aliandikia macho, na wewe unaandikia masikio. Wasifu wako anausoma shemeji ambaye hajauona kabla ya asubuhi hiyo, amesimama uwanjani, spika inakwaruza, jenereta inanguruma nyuma ya jikoni, mtoto analia. Sentensi ikiwa na "ambaye pia alikuwa" mbili, imepotea kabla ya kufika safu ya tatu ya viti.

Mimi huandaa taarifa za habari na matangazo ya vifo katika redio moja hapa Kisumu. Niliyoyajua nimeyajua kwenye korido. Taarifa ikiniletea mashaka natoka nayo nje, naisoma kwa sauti nikiwa nimesimama. Pumzi ikiniishia kabla ya nukta, sentensi ni ndefu, naikata hapohapo. Ulimi ukijikwaa mara mbili mahali pamoja, tatizo liko kwenye maneno, halipo kwenye ulimi. Na nikisikia aibu kulitamka neno fulani mbele ya askari wa lango, hilo neno si langu, nimelichukua mahali. "Sekta ya miwa" jaribu kuitamka mbele ya mtu wa Matungu uone.

La pili ni maswali. Ukiuliza familia "alikuwa mtu wa namna gani?" utapewa mcha Mungu, na ni haki yao, umewauliza swali la insha. Mimi nikitumwa kumhoji mfiwa huuliza vitu vidogo vidogo. Asubuhi alikuwa akianza na nini? Chakula gani alikataa katakata? Alikuwa akimwita nani kwa sauti kubwa? Kitu gani hakuna aliyeruhusiwa kugusa? Hilo la mwisho halijawahi kuniangusha. Kila nyumba ina kitu ambacho mwenye nyumba hakutaka kiguswe. Washa simu urekodi, kwa ruhusa yao, kisha uandike kutoka kwenye sauti na si kutoka kwenye ile karatasi. Bintiye yule mzee aliongea vizuri kwa sababu stima ilipotea. Angeambiwa "sasa tuandike wasifu" angekaza shingo.

Kuhusu kipaji sina la kusema sana. Marehemu Grace Ogot, mzaliwa wa Asembo hapa Siaya, alisomea uuguzi, akafundisha ukunga hospitali ya Maseno, tena aliwahi kuandika na kutangaza BBC kule London, yote kabla riwaya yake ya kwanza haijatoka mwaka wa 1966. Ninavyomwona mimi, mtu aliyekesha wodini na akasoma maandishi yake mbele ya maikrofoni ana mafunzo ambayo kozi haikupi. Hayo ni maoni yangu, hakuyasema yeye.

Ule mkebe nimeujaribu hivi:

"Chini ya kitanda cha mzee kuna mkebe wa biskuti. Ndani yake ni risiti za mzani. Za miwa. Za miaka yote."

Basi. Usiongeze "jambo linaloonyesha kuwa alipenda kazi yake". Wameshajua.

---

KaraniWaAmalemba (Kakamega), Ijumaa saa 3:50 usiku

Mwalimu, ndugu Sauti, asanteni mno. Leo nimefunga duka mapema nikarudi kwenye sentensi yangu. Mzee amezikwa leo na programu ilishachapwa, kwa hivyo haya ni mazoezi tu, hayaendi popote.

Ndugu Sauti, yako ni nzuri redioni, lakini nikiisoma huku naona inamwendea haraka. Vile vipande vifupi, "Za miwa. Za miaka yote", shemeji akivisoma atadhani karatasi imeruka. Nimejaribu hivi:

"Kila mzigo aliopeleka kiwandani ulipimwa, na kila risiti ya mzani aliirudisha nyumbani. Alizitia kwenye mkebe wa biskuti chini ya kitanda. Kiwanda kiliposimama, hakuzitupa. Jioni alizitoa, akazipanga kwa tarehe, akazirudisha. Na trekta ikisikika barabarani, Baba alikuwa akitutajia tani zake kabla haijatokea kwenye kona."

Nimesoma kwa sauti, mume wangu akiwa anakula. Ameacha kula pale kwenye tani. Hakusema neno, aliuliza tu kama alikuwa akipatia. Sikujua jibu, na kumbe hilo lilikuwa swali la kumuuliza binti.

Kitu kimoja nimekiona nikiandika, sijui kama ni cha maana. Siku zote naandika "marehemu" hivi, "marehemu" vile. Hapa mwishoni nimeandika "Baba alikuwa akitutajia" bila kupanga, na sentensi nzima ikaamka.

---

SautiYaZiwani (Kisumu), Ijumaa saa 4:30 usiku

Ni cha maana sana. "Marehemu" ni sauti ya karani. "Baba alikuwa akitutajia" ni watoto wake wanaoongea. Kabla hujagusa kibodi amua nani anasema, mjane, watoto au ukoo, halafu usimwache njiani. Nusu ya taarifa mbovu ninazorekebisha zimebadilisha msemaji katikati na mwandishi hana habari.

Na nakubali, yako inasomeka kuliko yangu.

---

KatibuWaKanisa (Nakuru), Jumamosi saa 12:30 jioni

Nimetoka mazishini Bahati sasa hivi, nimekuta mjadala huu, na naomba niwe mchawi wenu kidogo.

Mnaongea kana kwamba yale maneno ya kawaida ni uvivu. Nimekuwa katibu wa kanisa muda mrefu na wasifu umepita mikononi mwangu mwingi. "Aliacha wajane wawili na watoto kumi na mmoja" imeandikwa hivyo kwa sababu kuna watu wamekaa usiku kucha wakijadili nani atajwe kwanza. "Mpenda watu" wakati mwingine ni mapatano ambayo wazee wameyafikia kwa shida. Karani mgeni akija na sentensi tamu anaweza kuwasha moto ambao hatakuwepo kuuzima.

Chukua huo mkebe. Umeandika vizuri, sikatai, hata mimi nimemwona mzee. Lakini umetangaza mbele ya umati kwamba kuna risiti za miwa, zimepangwa kwa tarehe, ziko chini ya kitanda. Kuna watu wa ukanda huo ambao bado wanadai malipo ya miwa. Mwana mmoja anajua kuhusu mkebe, mwingine hajui. Jumapili asubuhi mkebe utatafutwa. Uliwauliza wote, au uliongea na binti mmoja gizani?

Sisemi uache. Ninachofanya mimi ni hiki. Majina, miaka, ndoa, watoto na mpangilio wao, hayo siyagusi, naandika yalivyoletwa, hata kama yananuka ubao wa darasa. Halafu kuna sehemu moja, baada ya kazi na kabla ya ugonjwa, ambapo naomba ruhusa ya aya moja iliyo hai. Aya moja tu. Naiandika, naichapa peke yake, nampa mtu mmoja ambaye familia imekubali ndiye mwenye neno la mwisho, anasoma, anatia sahihi pembeni. Akikata, nimekata. Nimekatiwa aya nzuri nyingi. Inauma, lakini kaburi si la mwandishi.

---

MwalimuMstaafu (Webuye), Jumamosi saa 1:55 usiku

Katibu amenipiga mahali pazuri. Nilizungumza kana kwamba kila karatasi ni ya mwandishi, na hii si yake.

Lakini niongeze, Katibu: kukatwa nako ni shule. Mwanafunzi wangu alikuwa akipata alama, hapati sababu. Wewe unapewa msomaji anayekuambia "hili toa", na ukimuuliza kwa upole kwa nini, anakueleza. Karani, aya zinazokatwa usizifute. Zibandike kwenye daftari, pembeni uandike sababu waliyokupa. Baada ya muda utaanza kuisikia ile sababu kabla hujaandika. Daftari liwe la karatasi, na lisikae juu ya meza ya wateja.

---

KaraniWaAmalemba (Kakamega), Alhamisi saa 5:10 usiku

Nimerudi. Wiki hii zilikuja familia kadhaa, nimejaribu mchanganyiko wa mliyoniambia. Mifupa nimeiacha kama Katibu alivyosema, aya moja nimeomba.

Ya kwanza walikataa hata kabla sijauliza swali la pili. Msemaji wao alisema andika ilivyo, tuna safari. Nikaandika ilivyo, na nawaelewa, walikuwa hawajala.

Ya pili ilikuwa ya mama aliyeuza omena na mboga za kienyeji hapa sokoni. Walikuja watu watano na karatasi ya "mfanyabiashara mashuhuri". Nikatumia swali la ndugu Sauti, kitu gani hakuna aliyeruhusiwa kugusa. Wakatazamana, wakaanza kucheka. Wote kwa pamoja: gorogoro! Alikuwa na gorogoro lake moja, lile kopo la kupimia, limebonyea upande mmoja, na alikuwa akikataa lisibadilishwe. Wateja wapya walilalamika kwamba limebonyea, linapunja. Mama alikuwa akiwajibu kwamba ndiyo maana analijaza mpaka linamwagika, mwenye gorogoro zima afanye hivyo tuone. Nikaandika:

"Gorogoro la Mama lilikuwa limebonyea. Hakukubali tumnunulie jingine. Aliyelalamika alijaziwa mpaka omena zikamwagika mezani, na zilizomwagika akaambiwa azichukue pia."

Kaka mkubwa akaisoma peke yake kama alivyoelekeza Katibu. Akaketi. Akauliza kama "limebonyea" haimtii mama aibu, kwamba watu watadhani hakuwa na uwezo wa kununua jingine. Dadake akamwambia soko zima linalijua. Wakabishana kwa Kiluhya huku mimi nikijifanya napanga picha. Mwishowe akachukua kalamu, akakata "Hakukubali tumnunulie jingine", akaandika juu yake kwa mkono wake: "Tulimnunulia jipya, akalipandia vitunguu."

Mnaona? Ni yeye aliyeandika sentensi iliyo bora kwenye ukurasa wote, mtu aliyekuja na "mfanyabiashara mashuhuri". Sikugusa hata herufi.

Ripoti ya mpira nimejaribu pia, mwalimu. Vidokezo niliviandika Jumatatu, nikajenga upya Jumatano. Yangu ilitoka karibu mara mbili ya ile ya gazeti, na bao lilifungwa mwishoni kabisa, sijui ni kwa sababu nililisahau au nililiogopa. Nitarudia.

Sasa nina swali la mwisho, halafu niwaache mlale. Imekuja familia leo, kijana wao alikuwa Nairobi tangu amalize shule, hakuwa akirudi sana. Nimewauliza asubuhi alianza na nini, alikataa chakula gani, wote wananyamaza. Mamake anajua vya utotoni tu. Wanataka programu kesho saa nne asubuhi. Hapo mtu anaandika nini?

---

SautiYaZiwani (Kisumu), Alhamisi saa 5:25 usiku

Andika vya utotoni. Kama mama ana miaka 12 ya kwanza, hiyo ndiyo aya yako hai. Mwache mama aseme, "Nilimjua akiwa...", na usijaribu kuziba ya Nairobi kwa "alikuwa mfanyakazi hodari". Kisha omba namba ya mtu mmoja aliyeishi naye, umpigie usiku huuhuu, swali moja tu. Atakuwa macho, niamini.

---

KatibuWaKanisa (Nakuru), Alhamisi saa 5:40 usiku

Na ukimpigia, atakachosema kipite kwa mama kabla ya kuchapwa. Nairobi ina mengi.

---

StejiYaNjoro (Nakuru), Ijumaa saa 11:50 alfajiri

Mkikosa kabisa tafuteni mtu wa boda wa steji ya karibu na alikokuwa akiishi. Sisi tunajua nani alishuka wapi, saa ngapi, akiwa amebeba nini, na nani alimlipia. Lakini hayo ya nani alimlipia, madam, tafadhali usiandike.